Static Shock: Virgil alimjuaje Clark Kent kabla Batman hajafika Dakota?

#1 KipangaWaJioni

Wakuu, salaam. Nimerudia Static Shock, ile katuni ya runinga ya Marekani, tangu mwanzo na kuna jambo limenikaa kooni.

Msimu wa kwanza, Virgil Hawkins, yule kijana wa mji wa Dakota anayekuwa Static, shujaa mwenye uwezo wa umeme, anamtaja Clark Kent. Hamtaji kama mwandishi wa gazeti. Anamtaja kama sura ya siri ya Superman, vile mimi na wewe tunavyomtaja, mhusika wa katuni ambaye kila mtoto anajua akivua miwani anakuwa nani. Sawa, mpaka hapo hakuna shida. Halafu unafungua msimu wa pili, sehemu ya kwanza kabisa, The Big Leagues: Joker, adui wa Batman, huyo katua Dakota, na nyuma yake Batman na Robin. Si ndoto, wala si kipindi ndani ya kipindi. Wapo kweli. Baadaye Superman mwenyewe anakuja na kupigana bega kwa bega na Static dhidi ya Toyman.

Sasa niambieni. Kama Superman yupo kweli kwenye dunia ya Virgil, basi hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote. Batman mwenyewe, mpelelezi asiye na mfano, kwenye World's Finest ya 1997 ilibidi ambandike Superman kifaa cha kumfuatilia kwenye joho ndipo ajue jamaa anaishi wapi na anaitwa nani. Kijana wa sekondari wa Dakota aliipata wapi?

Hoja yangu ni hii: waliharibu. Walitamani kumleta Batman, wakasahau walichoandika kwa mkono wao. Na kwa kufanya hivyo walimtoa Static kwenye nafasi ya shujaa wa mji wake wakamfanya mdogo wake Batman. Njooni mnipinge.

#2 MzeeWaRimoti

Nipo siti ya mbele. Endeleeni.

#3 TaaYaKoroboi

Kipanga, jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Walipoanza hawakuwa na mpango wa kumuunganisha na wengine.

Static hakuzaliwa kwa kina Batman. Alizaliwa Milestone Media, kampuni ya Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1993. DC, wenye Batman na Superman, walikuwa wachapishaji tu. Kwenye vitabu vile Dakota ilikuwa na dunia yake na Metropolis, mji wa Superman, na dunia yake. Kwa hiyo katuni ilipoanza kuonyeshwa tarehe 23 Septemba 2000, waandishi waliendelea na utaratibu uleule: Virgil ni kijana anayependa vitabu vya katuni, na Superman ni mmoja wa wahusika anaowasoma. Sentensi ya Clark Kent ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Ilikuja kuwa kosa baadaye, pale Batman alipofika.

Hao waandishi hawakusahau kitu. Waliamua upya.

#4 KipangaWaJioni

Taa, umenieleza ilitokeaje huku kwetu. Mimi nauliza ilitokeaje kule ndani. Virgil hajui kwamba kuna waandishi.

#5 DadaSumaku

Mimi nitajibu ile nusu ya pili ya bandiko la kwanza, hiyo ya kupunguzwa, maana imenigusa.

Nilikuwa na miaka kumi nilipomwona Static kwa mara ya kwanza. Kesho yake nilichukua rula ya plastiki, nikaisugua kwenye nywele zangu mpaka kichwa kikauma, nikaisogeza karibu na vipande vya karatasi nilivyovichana. Vikaruka. Kimoja kiling'ang'ania ncha ya rula kikawa kinatetemeka kama mdudu. Nilikaa pale chini mchana mzima. Shujaa wa kwanza niliyeweza kuugusa uwezo wake, hata kwa rula, alikuwa huyu.

Sasa siku Batman alipoingia Dakota, mimi sikumwona Static akipungua. Nilimwona mtu mzima, tena mkali asiyecheka, akija kwenye mji wa mtoto ninayempenda na kumhitaji. Adui ni Joker, lakini jeshi la Joker safari ile ni vijana wa Dakota, kina Hotstreak na wenzake waliobadilishwa na gesi ya ile ajali iliyompa Virgil uwezo. Batman hawajui hao. Anayewajua kwa majina, kwa uwezo na kwa udhaifu ni Virgil, amesoma na baadhi yao. Mgeni ndiye aliyekuwa na ya kuuliza.

Sasa hapo mdogo ni nani?

#6 Ngalawa7

Dada kamaliza. Lakini mnazunguka mbuyu, sababu ni biashara. Justice League, katuni ya kundi la mashujaa lenye Batman ndani, ilikuwa imeisha, hawana pa kumpeleka Batman, wakamleta kwa Static kuvuta watazamaji.

#7 KalendaNdefu

Ngalawa, umepindua. Justice League haikuwa imeisha, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: tarehe 17 Novemba 2001, Cartoon Network. Iliyoisha ni Batman Beyond, ile ya Batman wa siku zijazo, na hiyo ilikuwa Kids' WB, kituo kilekile cha Static. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa 18 Desemba 2001. The Big Leagues ikaja 26 Januari 2002.

Zipange hizo tarehe tatu mezani. Kids' WB wamebaki bila Batman kwa muda usiofika wiki sita, na mmoja wa watoto wa DC waliobaki nyumbani ni Static. Sijawahi kuona mtu wa studio akiapa kwamba ndiyo sababu, kwa hiyo nasema haya kwa kusoma kalenda tu. Lakini kalenda hii inaongea.

#8 Ngalawa7

Nimekubali kusahihishwa, mkuu. Ila biashara ni palepale.

#9 FundiSauti

Nafanya kazi za kurekodi sauti, si za katuni kubwa, ni matangazo na masimulizi. Naomba niongeze kitu ambacho watazamaji wengi hawakifikirii: mashujaa hawakutani kirahisi, kwa sababu kila shujaa ana mwenye koo lake.

Mfano mzuri ni katuni ya Spider-Man ya 1994. Walipomkutanisha na X-Men mwaka 1995, X-Men ilikuwa inarekodiwa Toronto na Spider-Man inarekodiwa Los Angeles. Ilibidi waigizaji wasafirishwe. Gharama ilikuwa kubwa, na ilipofika zamu ya Secret Wars miaka michache baadaye, kutoka X-Men alitokea Storm peke yake, kwa sababu mwigizaji wake alikuwa palepale Los Angeles. Mtoto anayetazama anajiuliza kwa nini Wolverine hakuitwa kwenye vita kubwa namna ile. Jibu lake lilikuwa nauli ya ndege.

Kwa Static mambo yalikuwa tofauti. Kevin Conroy na Mark Hamill, wenye sauti za Batman na Joker, walikuwa ndani ya familia ya studio ya Warner tayari, na Alan Burnett, mmoja wa wasimamizi wa Static Shock, alikuwa amefanya kazi kwenye Batman, Superman na Batman Beyond. Batman aliyeingia Dakota ana sauti ileile iliyoanza 1992. Hilo ndilo linaloifanya sehemu ile isimame. Wangeleta Batman mwenye sauti ya kuazima, mtoto angejua ndani ya sekunde tatu.

#10 MzeeWaRimoti

Fundi, hapo kwenye nauli umenifungua macho. Miaka yote nilidhani Wolverine alikasirika.

#11 BahashaTupu

Wakuu, naona mnamwacha Kipanga na swali lake. Ngoja nimjibu kwa ndani kama anavyotaka.

Kulikuwa na mkutano wa kwanza wa Milestone na DC kabla ya katuni hii, kwenye vitabu, mwaka 1994. Unaitwa Worlds Collide. Ndani yake kuna mtu wa posta, Fred Bentson, ambaye akilala Metropolis anaamka Dakota, na akilala Dakota anaamka Metropolis. Anaishi dunia mbili bila kutaka. Mwishowe anageuka kuwa kiumbe cha kutisha kinachoitwa Rift, na dunia mbili zinagongana.

Mnaona ninakoelekea? Msimu wa kwanza Dakota iko dunia yake, Superman ni hadithi. Kati ya msimu wa kwanza na wa pili kitu kilitokea ambacho hakikuonyeshwa, dunia mbili zikaungana, na watu wa Dakota wakaamka wakidhani Batman alikuwepo siku zote. Kwenye vitabu jambo la namna hii lilitokea kweli: kuanzia 2008 Dakota ikaingizwa kwenye dunia ya DC na Static akajiunga na Teen Titans, kundi la mashujaa vijana, kama vile alikuwepo tangu zamani.

#12 TaaYaKoroboi

Bahasha, nadharia tamu, ila umejenga ghorofa kwenye kitu "ambacho hakikuonyeshwa". Kwa mtindo huo naweza kusema Virgil ni mtoto wa Krypton, sayari ya Superman, na haikuonyeshwa.

#13 BahashaTupu

Tofauti ni kwamba mimi nina mtu wa posta.

#14 Kunguru_Mweupe

Nimecheka kwenye #13, lakini mko karibu na jibu kuliko mnavyojua, na hamhitaji kutoka nje ya katuni zenyewe.

Rudini 1961. Kitabu cha Flash namba 123. Barry Allen, Flash wa wakati ule, alikua akisoma vitabu vya katuni kuhusu Flash wa zamani, Jay Garrick. Kwake Jay alikuwa mhusika wa kubuni. Siku moja anatetemesha mwili wake kwa kasi mpaka anavuka, anajikuta mji mwingine, na Jay Garrick yupo, mtu mzima, ana mke. Wanaelezana vipi? Wanasema mwandishi wa vile vitabu, Gardner Fox, alikuwa akiota ndoto, na ndotoni aliipokea dunia ile nyingine bila kujua, akaamka na kuiandika akidhani ameitunga.

Sasa shikeni hapo. Mwaka 2002, mwaka uleule wa The Big Leagues, Justice League walifanya sehemu mbili zinazoitwa Legends. Green Lantern John Stewart, mmoja wa Justice League, na wenzake wanatupwa kwenye dunia ya Justice Guild, kundi jingine la mashujaa, na John anawatambua papo hapo kwa sababu alisoma vitabu vyao utotoni. Vitabu vya katuni. Anajua mpaka maadui wao. Na maelezo ni yaleyale ya mwandishi aliyenasa dunia nyingine akilini, tena sehemu ile imetolewa kwa heshima ya Gardner Fox.

Kwa hiyo ndani ya ulimwengu huuhuu wa Static, mtu kumsoma shujaa kwenye kitabu kisha kukutana naye uso kwa uso ni jambo lenye historia. Mwandishi fulani wa Dakota aliota kuhusu Clark Kent, akachapisha, Virgil akanunua.

#15 KipangaWaJioni

Kunguru, hii ndiyo nondo ya kwanza kunitikisa. Nipe dakika nifikirie.

#16 KalendaNdefu

Fikiria na hili, Kipanga: kwa Jay Garrick na kwa Justice Guild, msomaji na shujaa wako dunia mbili. Mtu wa dunia A anasoma kuhusu dunia B. Virgil na Superman wako dunia moja, ni suala la kupanda ndege tu. Kama kuna kitabu madukani kinachosema Superman ni Clark Kent, basi Lex Luthor, adui wa Superman, naye ana kitabu hicho. Joker naye anacho. Siri imekwisha.

#17 Kunguru_Mweupe

Anacho lakini haamini. Nani angeamini? Miwani tu?

#18 KalendaNdefu

Luthor angetuma mtu ahakikishe kabla chai haijapoa.

#19 MamaWaWatatu

Samahani nachepuka kidogo. Mmewahi kuitazama ile sehemu ya World's Finest aliyoitaja Kipanga kwa utulivu? Superman anafika nyumbani, anakivua kile kifaa kwenye joho, anatazama dirishani kwa yale macho yake ya mbali, na kule juu ya jengo Batman amesimama na darubini. Batman anampungia mkono. Basi. Hakuna neno. Mapema kidogo Superman alikuwa ametazama ndani ya barakoa kwa macho yake, kwa dharau, na sasa wamelipana.

Nimeitaja kwa sababu hiyo ndiyo maana ya mashujaa kukutana. Kila mmoja anamfunua mwenzake kwa njia yake mwenyewe, wa nguvu kwa nguvu, wa akili kwa subira. Kama kukutana kwao hakumfunui mtu, ni gwaride tu. Nikirudi kwa Static, ndiyo swali langu kwa wote: Batman alimfunua nini Virgil?

#20 DadaSumaku

Mama, swali zuri mno. Mimi nasema alimfunua kwamba ni mtoto. Msimu wa kwanza Static ana mdomo, anatania maadui, tunasahau umri wake. Miaka 14! Simama karibu na Batman uone. Mabega tu yanasema kila kitu. Halafu bado anapigana.

#21 RafuYaVitabu

Salaam wote. Nimesoma uzi wote nikashangaa hakuna aliyeleta maneno ya mwenyewe.

Dwayne McDuffie aliwahi kuandika makala mwaka 2002 kuhusu jambo hilihili, hili la kuunganisha vipindi. Alianza na tamthilia ya hospitali ya Marekani, St. Elsewhere, iliyoisha 1988 kwa namna ya ajabu: ilionekana kana kwamba kila kilichotokea kilikuwa kichwani mwa mtoto mmoja, Tommy Westphall, anayetazama tufe la kioo lenye theluji ndani. McDuffie akasema haya, kama wahusika wa tamthilia ile walitokea kwenye kipindi kingine, basi kipindi hicho nacho kiko kichwani mwa mtoto. Na kilichounganika na hicho nacho kimo. Ukifuata mnyororo, karibu runinga nzima ni ndoto ya Tommy.

Hakuwa anashangilia. Alikuwa anaonyesha kwamba ukilazimisha kila hadithi ikubaliane na kila hadithi nyingine kwa sababu tu mgeni mmoja alipita, utafika mahali pasipo na akili. Hadithi kwanza, ramani baadaye.

Mtu aliyeandika hayo ni mmoja wa wazazi wa Static. Sidhani kama sentensi moja ya Clark Kent ilimnyima usingizi.

#22 KipangaWaJioni

Rafu, asante, sikuijua hiyo. Lakini naomba niseme ukweli wangu. Mimi si mtu wa ramani. Hiyo sentensi inaniuma kwa sababu nyingine.

Msimu wa kwanza Virgil ni kama mimi. Anasoma kuhusu watu wanaoruka, anajua majina yao, anajua hawapo. Halafu siku moja ajali inamtokea na anakuwa mmoja wao, wa kwanza kwenye dunia isiyo na yeyote mbele yake. Hana wa kumuuliza. Ana rafiki yake Richie tu, na lile bamba la chuma analolikunjua na kulipanda. Kila analolijua kuhusu ushujaa kalipata vitabuni, kama mimi. Siku Batman alipotokea, huo upweke ulikwisha. Ikawa kumbe kulikuwa na wakubwa muda wote, ni vile tu hawakuwa wamefika mtaa wake. Ndiyo maana nasema kapunguzwa. Si mabega, Dada.

#23 DadaSumaku

Ungeanza na hilo bandiko la kwanza, kaka. Hapo tungeelewana mapema. Sikubaliani, lakini nimekuelewa.

#24 Ngalawa7

Wakati mnafutana machozi, nani anashinda, Static au Superman?

#25 MzeeWaRimoti

Superman, sekunde mbili.

#26 FundiSauti

Usiharakishe. Uwezo wa Static ni umeme na sumaku. Hahitaji kumpiga Superman, anahitaji kumchelewesha. Anaweza kumviringishia vyuma vya mji mzima.

#27 MzeeWaRimoti

Sekunde nne.

#28 NjiwaManga

Nami niongeze kuni. Kuna sehemu nyingine ya Batman kwa Static, Hard as Nails, yenye Poison Ivy na Harley Quinn. Static anauliza Robin yuko wapi, Batman anajibu yuko na Titans. Hiyo ilikuwa kabla katuni ya Teen Titans haijaanza, Julai 2003. Watu wakajenga hoja kwamba Teen Titans nayo imo kwenye ulimwengu huuhuu. Wengine wakakataa: Robin wa Static ni Tim Drake mdogo, na kiongozi wa Titans ni Robin mwingine kabisa kwa sura na mwenendo. Hoja hiyo mpaka leo inaendelea.

Nimeileta kwa sababu inafanana na ya Clark Kent. Neno moja limetamkwa kwa kupita, labda kama salamu kwa wapenzi, na sisi tumelifanya hati ya kiwanja.

#29 BahashaTupu

Hati ya kiwanja ni hati, Njiwa. Imeandikwa, imesomeka.

#30 SinaHaraka

Mimi nilizitazama kichwa chini miguu juu. Binamu yangu alikuwa na diski zisizo na mpangilio, ya kwanza kuweka ilikuwa Future Shock, ya msimu wa nne. Static anatupwa miaka 40 mbele, anafika Gotham ya Terry McGinnis, Batman wa siku zijazo, anamkuta Bruce Wayne, Batman wa kwanza, sasa mzee mwenye fimbo, kisha inabidi wakamwokoe Static mtu mzima aliyetekwa na kina Kobra. Kwa hiyo mimi nilimjua Static mkubwa kabla ya Static mdogo. Yule mkubwa ni mtu mwenye jina, adui anamwinda kama hazina, na ni Batman wa wakati huo anayetoka kwenda kumtafuta.

Baadaye nikafika msimu wa kwanza, nikasikia hiyo sentensi ya Clark Kent, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni kwa sababu alishasafiri mbele akarudi. Kwangu mimi ilikuwa inaeleweka kabisa! Nilikaa na maelezo hayo miaka mingi mpaka nilipopata mpangilio sahihi.

Kipanga, kuhusu kupungua: tazama pia Justice League Unlimited, zile sehemu mbili za The Once and Future Thing. Timu inafika mbele tena na Static mtu mzima ni mmoja wa waliobaki wakipigana. Kwa mdogo wake Batman, hiyo nafasi si ndogo.

#31 KalendaNdefu

Na sauti zote mbili kwenye sehemu ile, Static na Green Lantern John Stewart, ni za Phil LaMarr mmoja. Kwa Static Shock yenyewe kuna Fallen Hero, Sinestro, adui wa Green Lantern, anajifanya Green Lantern, na LaMarr anazungumza na LaMarr sehemu nzima. Fundi, hilo linafanyikaje?

#32 FundiSauti

Kuna njia mbili. Unarekodi mhusika mmoja mistari yote kisha unarudi kwa mwingine, au unaruka humohumo, mstari kwa mstari. Ya pili inachosha koo lakini mazungumzo yanakuwa hai, kwa sababu hasira ya kwanza bado iko kifuani unapojibu. Nilijaribu mara moja kwenye tangazo la dakika moja, baba na mwana wanabishana. Mwana alianza kuongea kama baba kufikia sekunde ya thelathini. LaMarr anamfanya John mzito, kila neno linakanyaga ardhi, na Virgil anaongea kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili. Fumba macho usikilize, huwezi kujua ni mtu mmoja.

#33 PaziaJepesi

Huwa sichangii sana. Nilimpoteza mama nikiwa na miaka minane. Virgil naye hana mama. Mama yake alikuwa mhudumu wa dharura, aliuawa kwenye zile ghasia za Dakota. Kwenye vitabu vya Milestone mama yupo hai, walibadilisha kwa ajili ya katuni. Kuna sehemu inaitwa Flashback, anarudi nyuma kwa msaada wa msichana mwenye uwezo wa wakati, anamkuta mama yake kazini usiku ule.

Sina la kusema kuhusu Clark Kent. Ila Kipanga alipoandika #22 kwamba Virgil hakuwa na mkubwa wa kumuuliza, nilikumbuka kwamba alikuwa naye baba yake, Robert. Kila jioni yupo. Virgil ndiye aliyekuwa hawezi kumuuliza. Halafu anakuja Batman, mtu mwingine aliyempoteza mama utotoni, na hawasemezani hata neno moja juu ya hilo. Ningetamani wangesemezana.

#34 KipangaWaJioni

Pazia, asante sana. Sikuwahi kuwaweka hao wawili pamoja kwa namna hiyo. Nitairudia The Big Leagues leo usiku nikitazama hilo.

#35 TaaYaKoroboi

Pole, Pazia. Na umeona kitu ambacho sote tulikipita.

Turudi kidogo kwenye hesabu: mpaka sasa tuna waandishi walioamua upya, dunia mbili zilizogongana, mwandishi wa Dakota anayeota, na safari ya wakati ya SinaHaraka. Nabaki na ya kwanza.

#36 BahashaTupu

Nabaki na mtu wa posta.

#37 MamaWaWatatu

Nimetoka kuitazama sebuleni na mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa. Nikaisimamisha. Nikamuuliza: Virgil kajuaje kwamba Superman ni Clark Kent? Akanitazama kama nimeuliza maji yana rangi gani. "Mama, Virgil ni msomaji. Watu wengine wameona miwani, yeye amemwangalia usoni."

Nilitaka kumweleza kwamba walikuwa hawajakutana bado. Rimoti anayo yeye, keshaendelea mbele.